Usilaumu chaja ya simu: Hapa ndipo tokeni zako huishia

JIBU swali hili kabla hujasoma zaidi. Kati ya kuchaji simu yako kila siku kwa mwezi mzima, na kuoga mara moja tu kwa dakika kumi kwenye shawa ya umeme, kipi kinakula stima nyingi zaidi?

Wengi watasema simu. Mwezi mzima si mchezo, na sote tumelelewa tukikemewa, "Chomoa hiyo chaja, unamaliza stima!" Lakini hesabu inasema vingine. Betri ya simu nyingi za siku hizi, ile ya mAh 5,000, hubeba karibu wati-saa 19. Ukiongeza kiasi kinachopotea kama joto wakati wa kuchaji, kila chaji inakula takriban wati-saa 24. Kwa siku 30, hiyo ni kama uniti 0.7. Shawa yenye nguvu ya wati 5,000, ikikimbia dakika kumi, inakula uniti 0.83.

Naam. Kuoga mara moja kunashinda mwezi mzima wa TikTok na WhatsApp.

Sasa jiulize. Kama unaishi peke yako kwenye bedsita Roysambu, mmechanga kodi na marafiki kule Rongai, au ndio umetoka kwa wazazi ukapanga chumba Bamburi, Kondele au Langas, huenda unabana matumizi mahali pasipo na pesa. Unazima taa kila ukitoka chumbani, unachomoa chaja, mnanuniana kuhusu balbu ya koridoni, na bado tokeni za Sh500 zinakatika kabla mwezi kufika katikati. Kisha unasema mita ina shida.

Pengine mita haina shida. Kinachokosekana ni kujua jambo moja tu: nyumbani, chochote kinachotengeneza joto ndicho kinachokula tokeni. Mwanga, sauti na picha hazili sana. Ukilishika hilo, utajua pa kuanzia, na pia utajua ni ugomvi upi wa stima haufai hata kuanzishwa.

Soma kibandiko, piga hesabu

Uniti moja ya stima ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Basi. Kila kifaa kina kibandiko nyuma au chini kinachoonyesha wati zake, yaani ile namba iliyofuatwa na herufi W. Zidisha wati kwa saa unazokitumia, gawanya kwa 1,000, umepata uniti.

Chukua vifaa vya nyumba ya kawaida ya kijana mjini:

- Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa tano kila usiku: uniti 1.35 kwa mwezi mzima.
- TV ya wati 50 ikiwaka saa nne kwa siku: uniti 6 kwa mwezi.
- Laptopu inayovuta wati 50 kwa saa nane kila siku: uniti 12 kwa mwezi.
- Birika la umeme la wati 2,000 likiwaka jumla ya dakika 12 kwa siku: uniti 12 kwa mwezi.
- Shawa ya wati 5,000 kwa dakika kumi kila siku: uniti 25 kwa mwezi.

Tazama birika na laptopu. Moja inawaka siku nzima, lingine dakika 12 tu, na zote mbili zinafika pale pale. Ndivyo joto linavyokula.

Ili ujue uniti inakugharimu ngapi, fungua ujumbe wa mwisho wa tokeni kwenye simu yako. Chukua pesa ulizolipa, gawanya kwa uniti ulizopata. Usishangae jibu likiwa juu kuliko bei unayosikia ikitajwa kwenye habari. Bei inayotajwa huwa ya msingi. Juu yake kuna gharama ya mafuta ya kuzalisha umeme, marekebisho ya kubadilisha fedha za kigeni, ada ya kusambaza umeme mashinani na ushuru wa VAT wa asilimia 16. Katika makala haya nitatumia Sh30 kwa uniti ili hesabu iwe rahisi. Wewe weka bei yako.

Na kwa nini balbu ndiyo iliyopewa lawama zote? Kwa sababu zamani ilistahili. Ile balbu ya duara ya wati 60, inayochoma kidole ukiigusa, ilikuwa zaidi jiko kuliko taa. Sehemu kubwa ya umeme wake iligeuka joto. Saa tano kwa siku, moja tu ilikula uniti 9 kwa mwezi. Ukiwa nazo nne, hiyo ni uniti 36. Wazazi wetu waliotukemea kuhusu taa hawakuwa wakali bure. Wewe ukiwa na LED, zima taa usiyoihitaji, ndiyo, lakini usidhani umemaliza kazi. Na kama bado kuna balbu ya zamani imebaki bafuni au jikoni, ibadilishe wiki hii. Bei ya LED itarudi yenyewe kwa miezi michache.

Bafuni ndiko kuna pesa

Anza na shawa. Ukiogea dakika kumi kila siku, hizo ni uniti 25 kwa mwezi, kama Sh750. Ukishuka hadi dakika tano, ni uniti 12.5. Umeokoa kama Sh375 bila kuoga maji baridi hata siku moja. Ukiwa na mazoea ya kuoga asubuhi na jioni, zidisha mara mbili.

Dakika tano si adhabu. Lowa, funga maji, jipake sabuni, fungua, jisuuze. Kinachokula pesa ni kusimama chini ya maji ya moto ukiwaza maisha, au kuweka wimbo mmoja halafu mwingine halafu mwingine. Weka nyimbo mbili tu za kuogea; ya pili ikiisha, toka.

Pia angalia swichi ya shawa yenyewe. Shawa nyingi zina viwango viwili au vitatu vya joto. Julai kukiwa na baridi Nairobi au Eldoret utataka kile cha juu, sawa. Lakini kuna watu wanaoacha kiwango cha juu Januari hadi Desemba, kisha wanafungua maji mengi ili yapoe. Hapo unalipia joto ukilimwaga. Shusha kiwango.

Je, ndoo ni nafuu? Inategemea. Kuchemsha lita tano za maji kutoka baridi hadi yatokote kunakula karibu nusu uniti. Ukizichanganya na lita kumi za baridi unapata ndoo nzuri ya kuogea. Nusu uniti hiyo ni sawa na dakika sita hivi za shawa. Kwa hivyo ndoo inaishinda shawa ya dakika kumi na tano, lakini haiishindi ya dakika tano. Ukitumia ndoo, chemsha lita tatu badala ya tano uone kama hazitoshi. Siku za joto zinatosha kabisa.

Tukiwa bado kwenye ndoo: ile hita ya kutumbukiza majini haina huruma. Zima swichi na uchomoe kabla hujatia mkono ndani ya maji, usiiweke kwenye ndoo ya plastiki nyepesi, na usiiache ikiwaka ukienda dukani "dakika moja tu". Maji yakipungua hadi hita ibaki wazi, inaungua, na nyumba inaweza kuungua nayo. Hakuna tokeni inayolingana na hilo.

Jikoni: funika, loweka, pima

Birika la umeme ni kifaa kizuri, tena huchemsha maji haraka kuliko sufuria wazi juu ya koili. Tatizo ni mkono unaolijaza. Birika la lita 1.7 likijaa linakula kama uniti 0.18. Kikombe kimoja cha maji kinakula kama 0.03. Ukijaza birika kwa ajili ya kikombe kimoja cha kahawa mara mbili kwa siku, unatupa kati ya uniti 8 na 9 kwa mwezi, kama Sh250. Pima maji kwa kikombe utakachonywea. Na kama lazima uchemshe mengi, yatie kwenye chupa ya chai ili usiyachemshe tena saa mbili baadaye. Mama zetu walijua siri hiyo kitambo. Chupa ya chai haikuwa ya wageni pekee.

Kwenye sufuria, sheria ni mbili. Kwanza, funika. Sufuria wazi inapeleka joto lako kwenye dari. Pili, maji yakishatokota, punguza moto. Maji yanayotokota taratibu na yanayotokota kwa fujo yana joto lile lile. Tofauti ni kwamba ya pili yanageuka mvuke na kukulipisha. Hata kwenye gesi ni hivyo: ukiona ndimi za moto zinapanda kando ya sufuria, hiyo ni pesa inayopasha hewa, na mtungi wako wa kilo sita utaisha wikendi usiyoitarajia.

Kisha kuna maharagwe na githeri, vyakula vinavyofilisi mtu. Ukipika maharagwe makavu kwa koili ya wati 1,000 kwa saa mbili, huenda ukala uniti mbili kwa sufuria moja. Zipo njia tatu za kukwepa hilo.

Ya kwanza ni kuyaloweka usiku kucha na kumwaga maji hayo asubuhi. Haina gharama na inapunguza muda wa kupika kwa kiasi kikubwa.

Ya pili ni presha kuka ya umeme. Inasema wati 1,000 kwenye kibandiko, lakini haiwaki muda wote. Ikishapata presha hujizima na kuwaka kidogo kidogo, na joto linabaki ndani. Nusu kilo ya maharagwe inaweza kuiva kwa nusu uniti au chini ya hapo. Kenya Power yenyewe imekuwa ikihimiza upishi wa aina hii kupitia kampeni yake ya Pika na Power. Bei ya kununua bado inauma kwa mtu anayeanza maisha, hivyo ni kifaa cha kuchangiana mkiwa wawili watatu kwenye nyumba.

Ya tatu ni kikapu cha joto: kikapu kilichojazwa vitambaa, pamba au sponji ambacho unaingiza sufuria ikiwa bado inatokota, unaifunika vizuri, na chakula kinaendelea kuiva bila moto wowote. Mchele unafaa sana. Maharagwe yaliyolowekwa yaache yachemke vizuri kwa robo saa au zaidi kabla ya kuyaingiza, na uyachemshe tena kabla ya kula. Huna kikapu? Katoni na blanketi kuukuu vitakutosha kwa kuanzia.

Na usidharau njia ya nne, ambayo tayari unaijua: kununua githeri au maharagwe yaliyochemshwa kwa mama mboga. Sufuria yake kubwa inapika ya watu arobaini kwa moto mmoja. Wewe kaanga tu kitunguu.

Wanaokula kimya kimya

Nilisema chaja ya simu haina hatia, na ndivyo ilivyo. Ikichomekwa bila simu, inavuta umeme kidogo mno. Lakini vipo vifaa vingine ambavyo havilali hata ukivizima kwa rimoti. King'amuzi, hasa cha zamani, ni mfano mzuri. Tuseme kinavuta wati 10 saa 24. Kwa mwezi hizo ni uniti 7.2, kuliko hata TV yenyewe uliyoiona kwenye orodha yetu. Ukikizima ukutani kwa saa 20 ambazo hukitazami, unabaki na uniti 6 mfukoni. Sabwufa, redio kubwa na mashine za gemu pia zikaguliwe. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja yenye swichi, na usiku uzime swichi hiyo moja tu.

Friji ni kesi tofauti kwa sababu haiwezi kuzimwa. Friji ndogo mpya inaweza kula karibu uniti 0.6 kwa siku, yaani 18 kwa mwezi. Friji kubwa ya mtumba iliyochoka inaweza kufika uniti 1.5 kwa siku, yaani 45. Tofauti hiyo ni kama Sh810 kila mwezi. Ile "bei ya kutupa" uliyonunulia Gikomba inaanza kukuhesabia tena polepole. Ukinunua mpya, tafuta kibandiko cha nyota; kanuni za Kenya za mwaka wa 2016 zinataka friji ziwe na kibandiko cha matumizi ya umeme, na nyota nyingi humaanisha inakula kidogo.

Kama tayari unayo, isogeze mbali na jiko na ukuta ili joto la mgongoni lipate pa kutokea. Usiweke sufuria ya chakula cha moto ndani. Acha kipoe kwanza. Barafu ikikauka kwa unene wa kidole, iyeyushe. Na mlangoni, bana karatasi kisha uivute: ikitoka kwa urahisi, mpira umelegea na baridi inatoroka. Watu wengine huzima friji usiku wakidhani wanaokoa. Asubuhi italazimika kufanya kazi ya ziada kurudisha baridi, na maziwa yatakuwa yamechacha. Iache.

Kwa wasomaji wa Mombasa, Malindi na Kisumu ambako tatizo ni joto la jua, feni ni rafiki. Feni ya wati 60 usiku mzima wa saa nane haifiki nusu uniti. Kiyoyozi kidogo kinaweza kula karibu hivyo kwa nusu saa tu kikikimbia mfululizo. Funga pazia upande wa jua mchana, fungua madirisha jioni upepo wa bahari au wa ziwa ukianza, kisha washa feni.

Mstari wa uniti 100

Hili wengi hawalijui, na ndilo linaloweza kukuumiza kuliko shawa.

Bei ya umeme wa nyumbani Kenya haiko sawa kwa kila mtu. Bei mpya zilipoanza kutumika Aprili 2023, bei ya msingi ilikuwa Sh12.22 kwa uniti kwa wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, Sh16.30 kwa wanaozidi 30 hadi 100, na Sh20.97 kwa wanaozidi 100. Bei zenyewe zimekuwa zikirekebishwa tangu hapo, lakini mpangilio ndio huo. Ukivuka mstari, si zile uniti za ziada tu zinazopanda bei. Unahamishwa kundi na zote zinatozwa bei ya juu. Kwa wenye mita za tokeni, kundi lako huamuliwa na wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu.

Tazama hesabu kwa bei hizo za 2023. Nyumba yenye wastani wa uniti 98 ingelipa Sh1,597 kwa bei ya msingi. Nyumba ya jirani yenye uniti 104 ingelipa Sh2,181. Uniti sita tu, tofauti ya zaidi ya Sh580, hata kabla ushuru haujaingia.

Kwa hivyo ukiwa unatumia uniti 110 au 120, kupunguza kidogo kuna maana kubwa kuliko unavyofikiri. Dakika tano za shawa pekee, tumeona, ni uniti 12.5. Na ukiwa mtu wa bedsita bila friji wala shawa ya umeme, unaweza kabisa kubaki chini ya 30 na kulipa bei ya chini zaidi.

Kuna mtego mwingine kwa wapangaji. Baadhi ya ploti zina mita moja kubwa ya Kenya Power, halafu landilodi ameweka mita ndogo kwa kila mlango. Mita kubwa inahesabu nyumba zote pamoja, hivyo inavuka 100 bila jasho, na nyote mnalipa bei ya juu hata yule anayetumia uniti 15. Ukitafuta nyumba, usiulize kodi na maji pekee. Uliza: "Mita ni yangu au ni ya ploti? Uniti ni shilingi ngapi?" Nyumba ya kodi nafuu kwa Sh500 inaweza kuzila zote kwa stima.

Mkiishi watatu, mita moja

Urafiki wa miaka mingi umevunjika kwa sababu ya tokeni. Mnachanga Sh500 kila mtu, mwisho wa wiki ya pili giza, na macho yote yanamgeukia yule anayefanya kazi za mtandaoni kwa sababu laptopu yake iko wazi kutwa. Lakini laptopu ya wati 50 kwa saa nane inakula uniti 0.4 kwa siku. Aliyeoga dakika ishirini amekula uniti 1.67, mara nne zaidi, na hakuna aliyemwona maana mlango ulikuwa umefungwa.

Kabla hamjaanza kurushiana maneno kwenye grupu ya WhatsApp ya nyumba, ketini chini na vibandiko. Andikeni vifaa vya joto pekee: shawa, hita, birika, koili, pasi. Kubalianeni dakika za kuoga. Pikeni pamoja badala ya kila mtu na sufuria yake. Wali wa watu watatu hauli stima mara tatu ya wali wa mtu mmoja. Pigeni pasi nguo za wiki kwa mkupuo mmoja Jumapili, kwa sababu pasi inayopashwa moto upya kila asubuhi kwa shati moja inakula bure. Anzeni na nguo nzito pasi ikiwa moto, malizieni na nyepesi mkiwa mmeshaizima. Kama mmoja wenu lazima aoge muda mrefu, aongeze mchango wake. Hesabu ikiwa mezani, hakuna wa kuonewa.

Na kama stima imejumuishwa kwenye kodi, usiseme "si yangu". Koili tatu kwenye soketi moja huanzisha moto, na moto hauulizi nani analipa bili.

Saa za jioni

Kenya inazalisha sehemu kubwa ya umeme wake kwa njia safi: mvuke wa ardhini kule Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Turkana na jua. Lakini kati ya saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku, wakati nchi nzima inapika, kuoga na kutazama habari, mahitaji hupanda ghafla. Ndipo mitambo ya mafuta, kama ile ya Kipevu mjini Mombasa, inapohitajika zaidi. Gharama ya mafuta hayo inagawanywa kwa kila mteja na kuingia kwenye tokeni zako.

Ukipiga pasi saa tatu usiku au saa nne asubuhi, bei yako ya uniti ni ile ile. Mteja wa nyumbani hapewi punguzo la usiku. Lakini kazi za joto zinazoweza kungoja, kama kuchemsha maharagwe, pasi, na kufua kwa mashine, ukiziondoa kwenye saa hizo unapunguza mzigo ambao sote tunaulipia. Ukiwa na mashine ya kufulia, tumia maji baridi. Kupasha maji ndiyo kazi inayokula zaidi ndani yake.

Jaribu wiki moja

Usiniamini. Jipimie mwenyewe. Leo jioni, soma uniti zilizobaki kwenye mita kabla ya kuoga, kisha uzisome ukitoka. Fanya vivyo hivyo kabla na baada ya kupika. Kesho acha TV na taa zikiwaka kama kawaida kwa saa mbili bila kuwasha kitu kingine, halafu usome tena. Andika namba hizo kwenye simu.

Wiki ya kwanza, ishi ulivyozoea na uandike uniti ulizotumia kwa siku saba. Wiki ya pili, badilisha mambo matatu tu: shawa dakika tano, birika kwa kipimo cha kikombe, na swichi ya king'amuzi ukutani. Kwa hesabu tulizofanya hapa, mtu mwenye vifaa hivyo vitatu anaweza kuokoa zaidi ya uniti 25 kwa mwezi. Kwa Sh30, hiyo inapita Sh750.

Ukimaliza wiki hizo mbili, linganisha. Mwonyeshe mnayekaa naye. Halafu muache achaji simu yake kwa amani.